Bei ya Haki ya Chakula cha Mchana



Kijana mmoja wa usharika wetu, karani katika ofisi iliyo karibu na Posta, alinijia baada ya ibada, akaniamkia, akaniuliza neno lisilofaa kujibiwa watu wakiwa wamesimama mlangoni. Wenzake wa kazini walimwambia waende pamoja kula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja mpya wa katikati ya mji, ambao vijana wausifu sana. Akafuatana nao. Akaletewa sandwichi, yaani vipande viwili vya mkate wa ngano uliochomwa, na ndani yake kifua cha kuku, parachichi, jibini na nyanya. Kando yake viazi vichache vya kukaanga, na gilasi ya maji ya matunda. Wenzake walivipiga picha vyakula vyao kabla ya kuvigusa. Mwisho ikaja risiti, na sehemu yake ilikuwa shilingi 32,000. Akalipa, akanyamaza. Lakini alipokuwa akirudi kazini alivihesabu vitu vile kimoja kimoja kwa bei ya Kariakoo, akaona jumla yake haifiki shilingi 6,000.

"Mchungaji," akasema, "je, mwenye mkahawa hakuniibia? Na kama aliniibia, mimi niliyempa fedha kwa mkono wangu, tena nikamwambia ahsante, ni nani katika wizi ule?"

Swali hili si la kuchekwa. Kila aliyefundisha Amri ya Saba ajua ya kuwa watoto hukubali upesi kwamba mwizi wa kuku ni mwizi. Taabu huanza hapo mmoja wao anapoinua mkono na kuuliza habari za mwenye duka. Nayo Katekisimu haikuishia kwenye mkono unaochukua usiku. Imetaja pia bidhaa mbovu na biashara ya hila, ikaongeza kwamba twapaswa kumsaidia jirani ili mali yake isitawi. Basi, kuuza kwa bei kubwa mno ni hila, au si hila?

Wako wanaojibu upesi: Bei ilikuwa imeandikwa, naye ajua kusoma, hakuna aliyemshika shati. Jibu hili lina kweli kubwa, wala tusilidharau. Hila hupenda giza. Mizani iliyoharibiwa, maziwa yaliyotiwa maji, mchele wa zamani uliofunikwa kwa mchele mpya juu ya gunia, hayo ni wizi hata ikiwa bei ni ndogo, maana mnunuzi hakujua alichonunua. Mkahawa ule haukumficha kijana wetu jambo lo lote. Kuku alikuwa kuku, na bei ilikuwa bei.

Lakini jibu hilo lasahau kitu kimoja. Kijana aliisoma bei ile akiwa amekwisha kuketi, wenzake wakimtazama, na mtumishi amesimama kando yake akingoja kuandika. Ni nani kati yetu ambaye angeinuka hapo na kusema, Kwaherini, mimi nakwenda kula maharage? Hakufungwa kamba, ila aibu nayo hufunga, na fundo lake ni gumu kwa vijana kuliko kwa wazee.

Wengine hujibu upesi kwa upande wa pili: Vitu vya 6,000 kuuzwa kwa 32,000 ni wizi mtupu. Hao wamehesabu mkate wakasahau kiti. Mwenye mkahawa hulipa kodi ya nyumba katika mitaa ambayo kila hatua ya sakafu ina bei yake. Hulipa umeme wa majokofu na wa kiyoyozi, hulipa mpishi, mtumishi wa meza, mwosha vyombo na mlinzi. Mkate usiouzwa hata jioni hutupwa, na jibini nyingi hutoka ng'ambo. Ikiwa ameandikishwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, basi katika zile 32,000 karibu 4,900 si zake hata kidogo. Amezipokea ili azipeleke Serikalini. Nao wazee wetu walisema ya kuwa rahisi huvunja upishi. Hawakuwa wajinga. Mtu ye yote aliyekula nyama ya bei ndogo mahali pasipo na maji ya kunawa, kisha akashinda nyumbani siku tatu anashika tumbo, ajua maana ya methali ile kuliko mimi.

(Chakula chenyewe, wasema, kilipata jina lake kwa bwana mkubwa mmoja wa Uingereza wa karne ya 18, mkuu wa Sandwich, aliyetaka kula pasipo kuondoka mezani alipokuwa ameketi. Kwa asili basi ni chakula cha mtu asiye na nafasi. Siku hizi watu hukaa nacho saa nzima na nusu.)

Walakini, hata ukiisha kuhesabu kiti na kiyoyozi na kodi, moyo wa kijana haukunyamaza, wala sidhani ulikosea. Na tuipime fedha ile kwa kipimo kingine. Kuanzia Julai 2025 mshahara wa chini wa watumishi wa Serikali ulipandishwa kutoka shilingi 370,000 hata 500,000 kwa mwezi. Ukizigawa hizo 500,000 kwa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 19,000 na kitu, kabla ya makato. Sandwichi ile basi yala siku nzima ya mtumishi huyo, kisha yala sehemu mbili katika tatu za siku ya pili. Nao watumishi wa Serikali si maskini wa mwisho wa mji huu.

Waalimu wa zamani walilishughulikia jambo hili. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei ipitayo thamani yake. Jibu lake lina pande mbili, na upande wa pili ndio utakaotufaa leo. Ikiwa mwuzaji atapata hasara kwa kukitoa kitu chake, aweza kuiweka hasara hiyo ndani ya bei. Lakini ikiwa yeye hapati hasara yo yote, ila mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa ya kitu kile, asipandishe bei kwa ajili ya haja hiyo. Kwa kuwa haja ni ya mnunuzi, wala mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Martin Luther naye aliandika kitabu juu ya biashara na riba mwaka 1524, na ndani yake aliishambulia kanuni iliyopendwa na wafanya biashara wa siku zake, kwamba mtu ana ruhusa kuuza kitu chake kwa bei kubwa kadiri awezavyo. Alisema kanuni hiyo ni mlango ulio wazi kwa kila uovu, maana mwuzaji hatazami tena kitu anachouza, hutazama shida ya jirani, naye huiuza shida ile. Hakuwakataza kupata faida. Alijua mfanya biashara hutumia mali, huhatarisha mali, huchoka, tena yapasa ale. Akatoa kipimo chepesi ambacho hata mtoto aweza kukifahamu: ahesabu siku alizofanya kazi na taabu yake, ajilinganishe na kibarua, aone kibarua hupata nini kwa siku, kisha aweke bei yake. Na kwa wale wenye dhamiri nyepesi mno, wanaoogopa kwamba labda wamezidisha kidogo bila kukusudia, aliwaambia wasijitese, waliweke deni hilo ndani ya Sala ya Bwana, hapo tunapoomba kusamehewa.

Luther alipenda zaidi kwamba watawala wachague watu wenye akili na uaminifu, wapige hesabu ya kila bidhaa na kutoa bei. Lakini akaongeza kwa uchungu kwamba Wajerumani wana kazi nyingi ya kunywa na kucheza ngoma, hawatapata nafasi. Sisi wa nchi hii tulipata nafasi. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kusimamia bei, ikawako na Tume ya Bei, na bidhaa nyingi zikawekewa kiwango. Wenye umri wa kukumbuka watawaambia vijana mambo yaliyofuata. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 vitu viliadimika; sabuni, sukari na unga vilikuwa na bei mbili, moja iliyoandikwa dukani mahali pasipo na kitu, na nyingine iliyoitwa bei ya kuruka, mahali kitu kilipokuwapo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkubwa juu ya walanguzi na wahujumu uchumi, na wengi wakakamatwa. Msako ule watu wengi waliupenda, kwa kuwa walikuwa wamechoka kuonewa. Lakini kukamata mlanguzi hakuzai sabuni. Miaka haikupita mingi, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na bei nyingi zikaachwa zijitafutie njia. Nayasema haya ili mtu asidhani kwamba dawa ya mkahawa ule ni askari mwenye orodha ya bei.

Turudi basi kwa kijana wetu, tumwulize swali la Thomas. Haja yake ilikuwa nini? Haikuwa njaa. Njaa ya mchana katika mji huu hutulizwa kwa shilingi 2,500 au 3,000, wali na maharage na mchicha, ukivuka Mnazi Mmoja na kutembea kidogo. Haja yake ilikuwa kutoachwa nyuma na wenzake. Kuhesabiwa kuwa mmoja wao. Basi, ikiwa baada ya kutoa gharama zote na faida ya halali yabaki shilingi kadha wa kadha juu ya risiti, hizo ndizo bei ya haja ile. Je, haja ile ni mali ya mwenye mkahawa? Si mali yake. Wala yeye peke yake hakuiuza. Yeye alikodisha meza. Waliopandisha bei ya meza ni wale walioketi, kila mmoja akimtazama mwenzake, na wale watakaoziona picha jioni. Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba mwenye mkahawa hakumwibia, ila wote waliokuwa mezani, naye mwenyewe kati yao, waliuziana kitu kisicho cha mtu ye yote.

Mji wetu ulijua biashara hii kabla ya sandwichi. Mnazi Mmoja pale, ambapo leo watoto hucheza mpira na wazee hupumzika, paliachwa wazi kwa kusudi. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa kanuni za majengo kabla ya vita ya 1914, nao Waingereza baada yao wakauendeleza ugawaji huo: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na ng'ambo ya uwanja ule Uswahilini, ndiyo Kariakoo na sehemu za jirani zake. Tena angalieni werevu wa jambo hili: kanuni zenyewe zilitaja zaidi namna ya nyumba, ukuta wa namna gani na paa la namna gani, kuliko kutaja rangi ya mtu. Lakini kila mtu alijua mahali pake alipoambiwa palipo.

Leo hakuna kanuni ya namna hiyo. Mlinzi wa mkahawa humfungulia mlango kila ajaye, tena kwa heshima. Bei nayo haitaji jina la mtu. Sisemi mwenye mkahawa anakusudia waliyoyakusudia watawala wale. Kanuni hushurutisha kwa nguvu, bei haishurutishi hivyo, na kuziita kitu kimoja ni kuwadharau walioishi chini ya kanuni. Nasema hivi tu: sehemu ya kile kilichonunuliwa kwa 32,000 ni kwamba mpagazi wa Kariakoo hataketi kwenye kiti cha pili. Watu hawalisemi hilo, pengine hawalijui. Hulijua siku mkahawa ukishusha bei na kila mtu akaingia. Hapo wale wa kwanza husema pameharibika, nao huhamia pengine.

Hata hapa wasomaji wengi watakubaliana nami, hasa wale wasiokwenda katika mikahawa ya namna hiyo. Ni rahisi kukemea sandwichi ya mwingine. Lakini kijana alipozihesabu zile 6,000 kwa bei ya Kariakoo, aliichukua bei ya Kariakoo kana kwamba ni bei ya kweli, na hiyo nyingine ni ya uongo. Neno hili ndilo lililonifanya niandike. Ni nani aliyetuambia kwamba bei ndogo ni bei ya haki?

Yuko mama mmoja anayepika karibu na Mtaa wa Mkunguni. Watu wa kwanza waliwaita wanawake hawa mama ntilie, kwa maneno ya mlaji anyoshaye sahani, Mama, nitilie. Siku hizi husema mama lishe. Mama huyu aliniruhusu niziandike hesabu zake, jina lake nimeliacha. Huamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja yuko sokoni kununua. Hupika yeye na binti zake wawili, mmoja wa kuzaa na mmoja wa dada yake. Katika siku njema huuza sahani 60 kwa shilingi 2,500, jumla 150,000. Toa mchele, maharage, mboga, samaki wadogo, mafuta, nazi, mkaa, maji ya kununua kwa ndoo, malipo ya kijana aletaye maji, ushuru, na fedha ya mahali pa kuwekea vyombo usiku. Kwa siku njema husalia shilingi 24,000. Ni watu watatu, tangu usiku hata saa kumi jioni. Kila mmoja 8,000.

Chukueni sasa kipimo cha Luther. Alisema mwuzaji ajilinganishe na kibarua. Tukichukua ule mshahara wa chini tuliougawa hapo juu, siku ya mama huyu haifiki nusu yake. Kwa kipimo hicho bei isiyo ya haki ni hii ya 2,500. Imepungua mno. Nasi hatujaiona, kwa sababu bei kubwa hupiga kelele na bei ndogo hunyamaza. Ghali huandikwa kwenye risiti. Upungufu wa rahisi haukuandikwa po pote; umo katika macho ya binti yule wa dada, aliyeacha shule ili apepee mkaa, na katika moshi wanaouvuta wote watatu. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa kusudi la kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya watu wa nchi hii wawe wameachana na kuni na mkaa wa namna ya zamani. Ni kusudi jema. Lakini jiko la gesi na mtungi wake vitanunuliwa kwa fedha, na fedha hiyo haimo ndani ya 2,500.

Wala upungufu haukuanzia jikoni. Viazi na maharage yafikapo Kariakoo, mara nyingi yametoka shambani kwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu yake likazidi kipimo, nalo likalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo hulikataza, lori hulibeba. Mkulima wa Njombe ametoa debe zima bure, ili sisi huku tusifu bei.

Tena ni nani anayekula sahani ile? Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la watu waliobeba chakula cha wengine. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa mahali pale, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi wao kwa maradhi na kwa kukosa chakula cha kuwafaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 ina maneno yanayowakumbuka hao pia, ingawa mtu wa shaba aliye juu ni askari mwenye bunduki, si mpagazi mwenye mzigo. Leo wanaobeba magunia na kusukuma mikokoteni katika mitaa ile ndio wateja wa kwanza wa mama yetu. Wenye maduka huweza kuwapa ujira mdogo kwa kuwa wataweza kula kwa 2,500. Ikiwa mama ataongeza bei hata ifikie haki yake, mpagazi atashinda na kipande cha muhogo. Ikiwa hataongeza, yeye na binti zake ndio wanaomlipia tajiri wa duka sehemu ya ujira wa mpagazi wake.

Nilimwuliza mama huyu kwa nini haongezi. Akacheka. Akanionyesha daftari la shule lenye jalada lililong'oka. Ndani yake mna majina, mengine ni majina ya utani tu, na mbele ya jina sahani alizokula mtu bila kulipa. Akasema wako anaowapimia wali mwingi kwa sababu wamebeba tangu alfajiri, na wako wanaolipa kesho, na wako ambao kesho yao haikufika. Hao huwakata kwa mstari. "Baba Mchungaji," akasema, "bei ni moja ubaoni, lakini sahani hazilingani." Basi yule asiyesoma Thomas wala Luther amejua jambo ambalo mkahawa wenye risiti hauwezi kulijua, kwamba haki ya bei yategemea pia ni nani aliyeshika sahani. Amelifanya kwa mali yake mwenyewe, tena kwa fungu lake la 8,000.

Akaniambia na jambo lingine, bila hasira. Wapagazi hawabishani naye. Wanaobishana ni watu wa ofisini wavukao Mnazi Mmoja mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kupungua, au wenye maduka wa jirani. Hao husema, Mama, ongeza maharage. Mama, mbona nyama ndogo. Mama, nipunguzie mia tano. Biashara haigombi, hivyo huwaongezea. Nikawaza juu ya meza ile ya kijana wetu. Pale hapana aliyemwambia mtumishi, Nipunguzie. Bei iliyoandikwa kwa herufi nzuri ilitiiwa kama amri, na juu yake wakaacha bakshishi. Ni watu wale wale, na pengine ni juma lile lile. Kwa mwenye nguvu tunalipa na kuongeza. Kwa mnyonge tunalipa na kupunguza, kisha twajisifu kwamba twajua kununua. Mimi naliona hili kuwa uovu mkubwa kuliko sandwichi yo yote, na kama kijana akitaka kujua ni wapi Amri ya Saba huvunjwa wakati wa mchana, aanze kutazama hapa.

Nasikia mtu akisema, Kupatana bei ni desturi ya soko, wala si dhambi. Kweli. Kupatana bei ya kitambaa na mfanya biashara aliyeitaja mara mbili ili upunguze, huo ni mchezo ambao wote wawili wajua sheria zake, na mara nyingi huisha kwa kicheko. Bali sahani ya 2,500 haikutajwa mara mbili. Haina mahali pa kupunguzwa ila katika mwili wa aliyeipika.

Sasa neno la mwisho, nalo ni kwa wazee wa sharika na watunza hazina. Tuwapo na mkutano au semina huwatafuta akina mama hawa watupikie. Kamati huketi, husikia bei tatu, huchagua iliyo ndogo, na mtunza hazina husifiwa kwa kuokoa fedha za Kanisa. Sijaona kamati iliyouliza, katika bei hii ndogo, wapishi ni wangapi, na kila mmoja atarudi nyumbani na nini. Pengine iko, nami sijaisikia. Basi naomba kila usharika uliofanya mkutano mwaka huu uniandikie kwa mkono wa mhariri mambo manne: bei ya sahani mliyopatana, idadi ya sahani, idadi ya waliopika, na saa walizoanza na kumaliza kazi. Majina ya sharika hayatachapwa. Hesabu zenyewe nitazipanga, na kwa ruhusa ya mhariri zitatolewa katika toleo lijalo.